Akiba ya Mshono

Asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote, fundi makochi alisimama nyuma ya mkewe akashika zipu ya gauni la kijani. Ilikuwa kazi yake tangu waoane. Mkewe aliwashonea watu magauni miaka nenda miaka rudi, lakini la kwake mwenyewe hakuweza kulifunga mgongoni bila mume. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kisahani. Ng'ambo ya ukuta, redio ya kinyozi ilikuwa inakwaruza, inatafuta stesheni.

Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma.

"Imefika wapi?" mkewe akauliza.

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Inakaribia nyumbani."

Mkewe akacheka kwa pua. Alijua. Akapitisha pini juu ya bega lake, moja baada ya nyingine, naye mume akazipokea na kushikiza pande mbili za kitambaa pale zilipokataa kukutana. Juu yake angejifunika mtandio mpana. Nani angeona?

Walikuwa wanakwenda kliniki, kuomba sindano irudi. Hawakufika.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Mama Akiba, na jina hilo lilitoka mezani kwake. Mafundi wengine wakishashona ubavu wa gauni hukata kitambaa kinachobaki ndani, kazi ikaonekana safi. Yeye hakukata. Aliacha upana wa vidole vitatu ndani ya mshono, akaukunja, akaulaza kwa pasi ukatulia kama haupo. Hiyo ndiyo akiba. Mteja akinenepa anarudi, Mama Akiba anafumua, anaachia, anashona tena, na mteja anaondoka na gauni lake lile lile bila mtu kujua kilichompata.

"Mwili unaenda na kurudi, dada," aliwaambia. "Kitambaa nikishakikata, hakirudi."

Na mteja akivuta tumbo ndani ili futi isome vizuri, alimgonga begani kwa ile futi. "Toa pumzi. Nakupima ulivyo, sikupimi unavyotaka."

Walifanya kazi chumba kimoja, yeye mbele karibu na mlango ili apate mwanga, mume nyuma pamoja na misumari, sponji na makochi yaliyochanika matumbo. Mume hakusoma shule. Namba za futi hazikumwambia kitu. Alipima makochi kwa kamba ya katani, akapiga fundo pale kipimo kilipoishia, na fundo halikuwahi kumdanganya. Cherehani ya mke ilikuwa ya umeme, nzee, yenye ugonjwa mmoja: ukitoa mguu kwenye pedali, mota inaendelea kukimbia yenyewe mpaka uipige kofi la ubavu. Mafundi walikuja, wakafungua, wakafunga, wakachukua chao, ugonjwa ukabaki. Mwishowe sauti ile ikawa kama mtu wa nyumbani. Hakuna aliyeisikiliza.

Mama Akiba alikuwa mnene tangu usichana, na kwa muda mrefu unene ule ulikaa naye kwa amani. Alikuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Kisha magoti yakaanza kulalamika. Presha ikapanda, akapewa vidonge vya kila siku. Ngazi tatu za kuingilia dukani zikawa mlima. Hapo ndipo daktari wa kliniki alipomwambia kuna sindano ya kupunguza mwili, mara moja kwa wiki, anajichoma mwenyewe tumboni.

"Nimeshika sindano maisha yangu yote," alimwambia mumewe walipofika nyumbani. "Leo imenigeukia."

Mwanzoni kichefuchefu kilimtesa. Alikaa na ndoo miguuni huku akishona. Kisha kikapita, na mchana mmoja akasimamisha kazi, mkasi mkononi, akatulia kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni.

"Mzee."

"Naam."

"Sijui nikwambieje. Ni kama mtu ameipiga kofi ile mota. Imenyamaza."

Mume akatazama cherehani. Mkewe akatikisa kichwa, akagusa kifua chake. "Hii ya humu."

"Kwani ilikuwa inakimbia?"

"Siku zote. Hata nikiwa nimeshiba. Hata msibani, watu wanalia, mimi nawaza sufuria iliyofunikwa kule jikoni. Nilidhani kila mtu anayo."

 Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu nywele za mume zikiwa nyeusi, naye hakuwahi kuisikia.

Akapungua. Kwanza uso, kisha mikono, kisha kiuno kikatokea mahali ambapo mume alikuwa amesahau kwamba kina haki ya kuwapo. Ngazi za dukani alizipanda akiongea. Magauni yake akayabana pande zote, na akiba ndani ikazidi kuwa nene, mpaka mishono ikavimba ubavuni kama mifuko.

Kinyozi alimwita kutoka mlangoni kwake. "Mama Akiba, akiba yote umempelekea nani?"

"Mkeo. Alisema kwako hapati kitu."

Wateja wa kinyozi walicheka hadi mmoja akakatwa sikio kidogo.

Lakini mdogo wake Mama Akiba, ambaye fundi makochi alimwita shemeji mbele za watu na pilipili akiwa peke yake, alikuja siku moja kuwasalimia. Akamzungusha dada yake, akamtazama nyuma na mbele.

"Hongera, dada. Na sindano nayo tuipe hongera yake."

"Ipe," Mama Akiba akasema. "Ipo kwenye friji."

"Sisemi vibaya. Nasema tu wengine tunafunga midomo, tunatembea, tunajikaza. Hatuna mtu wa kutubebea njaa."

Walicheka, wakanywa chai, mgeni akasindikizwa. Mama Akiba aliporudi alikaa akikunja nguo za wateja, akazikunja tena zile zile.

"Unajua mzee, nikila kidogo, watu wanasema ni sindano. Nikila kingi, wanasema ni mimi. Kwa hiyo mimi niko kwenye kile kingi tu."

"Achana naye."

"Hajakosea sana."

Ulipotimia mwaka na nusu, daktari alimpima akafurahi, akampa mkono. Uzito uliotakiwa umefikiwa. Mpango wa kliniki unaishia hapo, kwa sababu wako wengine wanaosubiri. "Dawa imekufikisha, mama," alisema. "Sasa iliyobaki ni nia yako."

Muuguzi aliyewasindikiza hadi kwenye korido alikuwa mwanamke wa makamo, mteja wa Mama Akiba wa siku nyingi. Akamshika kiwiko. "Mama, ukiona njaa inarudi, usikae nayo. Njoo tu. Wengi wanarudi na wanarudishiwa sindano."

"Hairudi," Mama Akiba akasema.

Kesho yake alitandaza magauni yake yote juu ya meza ya kukatia, akayageuza nje ndani. Mume alidhani anataka kuyapiga pasi. Kisha akasikia mkasi. Ule mkasi mkubwa ulikuwa na sauti yake, na fundi makochi aliinua kichwa kutoka kwenye kochi.

"Unakata?"

"Nakata."

"Akiba?"

"Akiba."

"Hata la kijani?"

"Hata la kijani."

Mume akaja akasimama kando ya meza. Vipande vilikuwa vinaanguka sakafuni, virefu, vyembamba, vya rangi zote. "Wewe mwenyewe huwa unawaambia watu..."

"Wateja nawaambia vile kwa sababu siwajui. Mimi najijua." Hakumtazama. "Nikiiacha humo ndani, nitakuwa najua ipo. Kila nikikaa mezani nitakuwa najua pa kurudi pako tayari. Wewe sigara uliacha siku moja, mzee. Ulizitupa chooni ukavuta maji, mpaka leo. Mimi nimepungukiwa nini?"

Ni kweli, aliacha sigara siku moja, na watu wakamsifu kuwa ana moyo wa chuma. Yeye alijua kwamba hakuwa nao. Sigara aliitupa, na tangu siku ile hakuna aliyemwekea sigara kwenye sahani asubuhi, mchana na jioni akimwambia avute nusu. Alitaka kumwambia hivyo. Maneno hayakuja kwa mpangilio, na mkasi ulikuwa umeshafika kwenye gauni la kijani.

Akaokota vile vipande. Kwa fundi makochi hakuna kinachotupwa. Kiti cha mkewe cha kushonea kilikuwa kimebonyea, kwa hiyo alivikatakata, akavishindilia ndani ya mto wa kile kiti, akaufunga kwa kitambaa kizuri cha makochi chenye vifungo. Mkewe alikalia, akajisogeza huku na huku. "Sasa umenifanya malkia," akasema.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha, mchana mmoja wakiwa mezani, alitua kijiko.

"Imewaka," akasema.

Mume hakuuliza ni nini.

Alijikaza. Mtu asije akasema hakujikaza. Alikula kwenye kisahani cha kikombe. Alikunywa maji mpaka akawa anasikika akitembea. Asubuhi aliuzunguka uwanja wa shule, na mumewe nyuma yake, mikono mgongoni, kama mtu anayepeleka ng'ombe malishoni. Mama Akiba mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Alimpikia mume, akampakulia, kisha akatoka nje akasimama barazani mpaka amalize. Mume akaona si haki. Akaanza kula kwa kinyozi, na mkate wake akauficha kazini, ndani ya sponji.

"Mzee," Mama Akiba akasema siku ya pili, bila kugeuka kutoka kwenye cherehani, "kochi lako linanuka mkate."

Alijikaza hivyo miezi, na mwili ukarudi hata hivyo, polepole kwanza, kisha bila haya. Mchana mmoja mume aliingia jikoni akamkuta amesimama, uso umeelekea ukutani, anakula viazi vya baridi kwa mkono kutoka kwenye sufuria, haraka, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe. Mkewe hakumwona. Mume akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi uani, akakohoa kwa nguvu, akasubiri, ndipo akaingia. Tangu hapo ikawa desturi yake. Hakuingia jikoni bila kukohoa.

Ilikwenda hivyo mpaka siku moja sauti ikamjia kutoka ndani. "Acha kukohoa. Najua huna kifua."

Akaingia. Mkewe alikuwa amekaa, mikono mitupu mapajani.

"Njaa yenyewe si kitu, mzee. Njaa naijua, tumelala nayo ujanani. Hii si njaa. Hii inaniita jina."

Magauni yakakataa moja moja. Siku aliyoliacha la mwisho kabla ya lile la kijani, alifumua ubavu wote, akalinyanyua dirishani, akatafuta kwa vidole mahali ambapo akiba ilikuwa inakaa. Palikuwa na ukingo mwembamba tu.

"Vile vipande uliviweka wapi?"

"Kwenye kiti chako."

Alitazama chini. Alicheka, cheko la kweli, mpaka akashika tumbo. "Kumbe siku zote nimevikalia."

"Nipasue mto?"

"Umevikatakata. Utatoa nini humo, matambara?" Akafuta macho. "Viache."

"Basi shona jipya. Kubwa."

"Nikishona kubwa nimekubali."

"Nikushonee mimi?"

"Unishonee gauni la kochi? Unipigie na misumari mgongoni?"

Wakaacha hapo. Akabaki na la kijani na mtandio. Wateja walipimwa barazani badala ya kuingia ndani ambako kulikuwa na kioo kirefu, kisha kioo chenyewe kikageuzwa kutazama ukuta. Harusini hakuenda, alimtuma mume, na mume akakaa kule kama mzigo uliosahauliwa. Kila mara aliposema "Twende kliniki," jibu lilikuwa moja.

"Nikamwambie nini yule daktari? Alisema imebaki nia yangu. Nimpelekee nia gani?"

Miguu ikaanza kuvimba. Ngazi tatu zikawa mlima tena, na sasa alipofika juu alishika mwimo wa mlango, akajifanya anatazama mtaa.

Ni muuguzi aliyevunja ukimya. Alikuja na gauni lake la kazi liongezwe upana, akamkuta Mama Akiba amekaa na mtandio katika joto la mchana. Akasimama akapimwa. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Tangu lini?"

"Si juzi."

"Nilikwambia nini, mama?"

"Ulisema nije. Nikaona aibu."

"Kidonge cha presha unameza?"

"Kila siku."

"Unaona aibu?"

"Presha si tabia."

"Nani kakwambia hii ni tabia?" Muuguzi alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamlaza mtoto. "Mwili wako unadai ulichopungua. Dawa ilikuwa inauzuia. Ukaondolewa dawa, ukabaki unapigana peke yako, usiku na mchana, unashona, unapika. Hata mimi ningeshindwa. Hata yule daktari."

 Mota ilikuwa inakimbia. Mume akaja akaipiga kofi.

"Nikianza tena, ni mpaka lini?"

"Sitakudanganya. Huenda ni siku zote."

"Mpaka nife."

"Kama miwani yako."

"Miwani naivua nikilala." Lakini alikuwa anatazama mguu wake, lile shimo likijaa taratibu. "Nifungwe kamba na sindano mpaka kaburini. Na watu waseme si mimi."

"Watasema," muuguzi akajibu. "Njoo Jumatatu. Niulize mimi mwenyewe pale mlangoni. Uje ulivyo."

Mama Akiba alimaliza lile gauni la muuguzi jioni ile ile. Jumapili alikuwa mwepesi wa maneno, kama zamani. Alimtania kinyozi. Alikigeuza kioo, akakitazama muda mrefu.

Jumatatu ndiyo hiyo. Zipu, pini, chai chini ya kisahani. Walikunywa. Alisema amalizie pindo la sketi ya mteja wakati mume anatafuta teksi, kwa sababu hawezi kukaa bure. Fundi makochi alivaa viatu, akatoka. Teksi haikuwapo kwenye kona. Akasimama na kinyozi, wakazungumza habari ya mvua na habari ya mwenye nyumba. Kutoka dukani ilisikika mota ikikimbia. Kinyozi akasema, "Mama Akiba hapumziki hata siku ya safari," naye akaitikia kwamba ndivyo alivyo. Teksi ikatokea. Dereva akageuza gari polepole, kwa sababu mtaa ni mwembamba, na mume akamwelekeza kwa mkono, rudi, rudi, hapo hapo.

Alipoingia, mkewe alikuwa ameegemea cherehani kama mtu aliyelala kidogo juu ya kazi, shavu likiwa juu ya sketi. Mguu ulikuwa chini, nje ya pedali. Mota ilikuwa inakimbia yenyewe.

Hospitalini walisema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu. Walipomvua gauni walimrudishia mume pini, zimefungwa kwenye karatasi. Muuguzi wa kliniki alikuja msibani amevaa lile gauni lake la kazi. Hakusema kitu, na fundi makochi alimshukuru kwa hilo, kwa sababu wengine walisema mengi. Shemeji alilia kuliko wote. Nje barazani, kati ya kilio na kilio, sauti ya mtu ilisikika ikisema kwamba laiti marehemu angejikaza kidogo. Fundi makochi alimjua mwenye sauti. Hakunyanyuka. Angemwambia nini?

Sasa anafanya kazi peke yake katika chumba kile. Watu walitaka kuinunua cherehani, akakataa, ingawa hajui kuishonea hata kifungo. Kiti kipo, na mto wake una vifungo. Hajaupasua. Kwenye msumari karibu na mlango imetundikwa kamba ya katani yenye mafundo mapya, kifua, kiuno, nyonga, mikono, na hakuna kochi linalopimwa kwa kamba ile.

Mafundo hayo aliyapiga Jumatatu ile, baada ya pini na kabla ya chai. Mkewe alikuwa bado amempa mgongo. Alikuwa ametoa futi mfukoni, akakumbuka kwamba mume haisomi, akairudisha. Kisha akashusha mabega, akatoa pumzi yote aliyokuwa ameizuia, na kusema:

"Leta kamba yako, mzee, unipime nilivyo. Tukirudi nashona jipya, na safari hii akiba naiacha."